Walimcheka Mama Mbele ya Foleni

Nina miaka ishirini na mitatu, mzaliwa wa Usenge kando ya Ziwa Victoria, na naandika haya kwa hasira nisiyojua niipeleke wapi!

Mama yangu alikuwa akianika omena, wale dagaa wa ziwani, ufuoni. Alipopatikana na presha, mimi mtu wa wasiwasi nilijifunza kila kitu kwenye simu. Chumvi nilipima mwenyewe. Kila asubuhi nilimwekea tembe kando ya kikombe cha chai, kisha nikaenda kazini. Kliniki presha ilisoma vizuri, hata nesi akaamuru wagonjwa wampigie Mama makofi. Nilijivuna jamani...

Kumbe!

Asubuhi moja Mama alianguka juu ya nyavu za omena. Upande wa kulia ukafa, mkono na mguu, mdomo ukapinda. Kule hospitali daktari aliuliza kama alikuwa anameza dawa. Nikamjibu kwa ukali kwamba hakuwahi kukosa!

Mama Atieno, aliyekuwa akianika omena na Mama, akanivuta kando.

"Mwanangu, wacha kugombana na daktari. Mama yako alikuwa anameza wiki ya kwenda kliniki tu, ili presha isome vizuri. Zingine alizifunga kwa leso."

Kwa nini?

Dawa ile ilimpeleka haja ndogo kila mara. Ufuoni choo kiko wapi? Mchanga mtupu, wanaume wa mashua kila upande, na ukiacha omena, ndege wanamaliza! Mama alimweleza nesi haya, foleni nzima ikisikia. Nesi akacheka.

"Sasa Mama, unataka tukuandikie na choo?"

Watu wakaangua kicheko. Mama Atieno alisema Mama naye alicheka... na hakulitaja tena jambo hilo kwa mtu yeyote. Hata kwangu!

Mnajua kinachonichoma? Daktari aliposikia, alimbadilishia dawa papo hapo. Papo hapo! Kumbe ilikuwa rahisi hivyo?

Ninyi mnaotibu watu wa hali ya chini, kabla ya kumcheka mtu muulizeni anashinda wapi mchana kutwa! Nanyi mnaouguza wazazi, msidanganywe na makofi. Kaeni nao, waulizeni dawa inawafanyia nini. Na wewe mgonjwa, ikikushinda, sema! Wakicheka, sema tena!

Siku hizi Mama anashinda nyumbani. Choo kiko hapo nyuma ya jikoni, karibu kabisa... na hawezi kukifikia mpaka nimshike mkono.