Nani Alirudisha Dhahabu?

"Mwambie hakiuzwi."

Wagdi alisema hivyo bila kuinua macho. Alikuwa amekaa juu ya jukwaa lake la mbao, miguu kaikunja, subana ya kukinga sindano kidoleni, anashona kama vile aliyesimama mlangoni ni mpita njia anayeuliza choo kiko wapi.

Aliyesimama mlangoni alikuwa Inas, aliyekuwa mchumba wake mpaka baridi iliyopita.

Miezi yote hiyo Inas alipeleka watalii wake kwenye manukato, kwenye shaba, kwenye mafunjo ya kuchora, popote pale Kairo, ilimradi si Mtaa wa Washona Mahema. Leo Bibi Ornella kutoka Italia alimponyoka. Bibi huyo alitoka tu kwenye lango la Bab Zuwaila, akaona kitambaa kinaning'inia ndani ya duka, akaingia. Inas akabaki anamfuata kama mbuzi wa kuvutwa.

Kitambaa chenyewe kilikuwa cha kutandika kitanda cha watu wawili, buluu, na vipande vya maua na ndege vimeshonewa juu yake kwa mkono, ndege kwa jozi. Inas alikijua. Ile buluu aliichagua yeye, katika duka hilihili, wakati kitambaa ni turubai tupu lenye mistari ya chaki. Kilikuwa kitandikwe chumbani kwake siku ya harusi yake.

"Anasemaje?" Bibi Ornella akauliza kwa Kitaliano.

"Anasema hakiuzwi."

"Sokoni hakuna kisichouzwa. Binti yangu anaolewa mwezi ujao. Muulize tena."

Inas akamgeukia Wagdi kwa Kiarabu.

"Anasema nikuulize tena."

"Mwambie kina mwenyewe."

"Nani huyo?"

Sindano ikasimama. "Hilo swali ni lake au lako?"

"La mteja."

"Mteja sauti inamtetemeka namna hiyo?"

Ng'ambo ya mtaa, hatua chache tu, alikaa ami Sabri, aliyeitwa ami na mtaa mzima, na ushonaji wake. Mzee huyu mikono ilikuwa kwenye kazi yake, masikio yalikuwa kwenye kazi za wenzake.

"We Wagdi," akaita, "tangu asubuhi hujauza hata uzi. Mteja wa kwanza wa siku harudishwi. Utatufungia riziki mtaa mzima."

"Ami, shona vyako."

"Wamesema nini?" Bibi Ornella akauliza.

"Wanasema kazi ya mkono ni ngumu," Inas akadanganya.

Wagdi akauma uzi, akautema pembeni. Sasa alimtazama. Jamani, macho yale Inas alikuwa amejiapiza kwamba ameyasahau. Uongo mtupu. Akashika nguzo ya mlango.

"Hongera," Wagdi akasema. "Nasikia harusi ni Alhamisi hii. Injinia wa Kuwait."

"Nani kakwambia?"

"Kuna siri Kairo? Na nyumba anayo, na gari analo. Atakutandikia hariri kutoka dukani."

"Usinichokoze mbele ya mgeni wangu."

"Mgeni wako haelewi. Na wewe ulikuwa huelewi vilevile."

"Wagdi, kama hukiuzi, sema tuondoke."

"Kumbe una haraka? Haya."

Akamgeukia Bibi Ornella. Kitaliano cha Wagdi kilikuwa kile cha sokoni, salamu mbili na hesabu, lakini hesabu aliijua sawasawa.

"Euro mia tisa," akasema.

Ami Sabri akapiga mluzi. Ilikuwa bei ya kumfukuzia mtu. Inas aliielewa hivyo, na bila shaka Wagdi mwenyewe alikusudia hivyo. Bibi Ornella hakuielewa hivyo hata kidogo. Alipapasa kitambaa kwa kiganja, akafungua mkoba.

"Sawa," akasema. "Nachukua."

Wagdi akabaki na mdomo wazi kidogo.

"Neno limetoka," ami Sabri akasema kutoka kule ng'ambo. "Umetaja, amekubali. Mimi shahidi."

Alhamisi ilikuwa keshokutwa. Inas alikuwa amekubali kuvishwa pete ya Bahgat, injinia huyo, amekubali Kuwait, amekubali yote, lakini kumbe ndani kabisa alikuwa anaishi kwa sababu kitambaa kile kilikuwa bado kinaning'inia mahali fulani.

"Umeuza kitanda chetu," akasema.

"Chetu? Mimi na nani?"

"Unajua na nani."

"Sisi tulikwisha siku dhahabu iliporudi, Inas. Usinililie dukani."

"Iliporudi?" Sauti ya Inas ikapanda. "Ilirudi yenyewe? Si mlituma watu kuja kuidai!"

"Nani alituma?"

"Mama yako. Shangazi zako walikuja nyumbani, wakasema mwana wao hana haja tena, dhahabu itolewe. Nilikuwa kazini Luxor. Nikarudi nikakuta sanduku tupu."

Wagdi akashuka jukwaani. Alishuka vibaya, akapiga goti kwenye ubao, wala hakulishika.

"Shangazi zangu hawajawahi kufika kwenu."

"Wagdi, usi..."

"Nisikilize. Mama yako alikuja hapa mwenyewe kwa teksi. Dhahabu yote kaifunga kwenye leso nyeupe. Akaiweka pale, juu ya ubao. Ami Sabri alikuwepo."

"Nilikuwepo," ami Sabri akasema, na safari hii hakutania.

"Akasema nini?"

"Akasema, 'Inas amefikiri. Anataka mume mwenye ofisi, si mtu wa kushinda chini na sindano.'"

Sasa hapo, msomaji, ujue desturi ya watu hawa. Mwanamume akivunja uchumba, dhahabu aliyotoa inabaki kwa binti. Binti akivunja, anairudisha. Haihitaji barua wala mshenga. Dhahabu ikirudi, mwanamume anajua ameachwa, na mwenye haya zake haulizi sababu. Na mwanamume anayevunja mwenyewe kisha akadai dhahabu, huyo hata salamu hapewi.

Ndivyo walivyokatwa wote wawili kwa kisu kimoja.

"Nilikupigia mara moja," Wagdi akasema taratibu. "Nikakuta namba yangu umeifungia."

"Niliifungia kwa sababu nilikuona si mtu. Nilikuona umenivunja, kisha ukanidai."

"Na mimi nilikuona umenidharau."

Wakatazamana. Bibi Ornella alikuwa ameshika noti zake, anaangalia huku na huku.

Simu ya Inas ikalia mlio wa ujumbe. Ulikuwa wa mama yake, Bi Fawziya:

"Msusi amethibitisha Alhamisi. Wahi kurudi leo, mama yake Bahgat anakuja kutazama vyombo. Na usile sokoni utavimba tumbo."

Inas alipiga papo hapo, akafungua spika wote wasikie.

"Mama. Nani alirudisha dhahabu ya Wagdi?"

"Swali gani hilo? Uko wapi?"

"Nijibu, Mama."

"Walikuja kuichukua, nilishakwambia. Inas, nina unga mikononi."

"Niko dukani kwake. Anasema uliileta mwenyewe, kwenye leso nyeupe. Jirani alikuona."

Kijiko kikawekwa juu ya sufuria.

"Mama."

"Unajua mimi nililala chumba kimoja na wakwe zangu miaka mingapi?" Bi Fawziya akasema hatimaye, na sauti ilikuwa ya mtu anayelia bila kutaka. "Pazia katikati. Nilikuzaa nyuma ya pazia, mwanangu. Na huyo angekupeleka wapi? Kwa mama yake, juu ya duka. Bahgat ana nyumba yenye milango. Nilitaka uwe na mlango wa kufunga."

Inas alikuwa tayari kwa uongo, alikuwa tayari kwa matusi. Hili halikumkuta tayari. Machozi yakamtoka.

"Ungeniambia hivyo, Mama. Ningechagua mwenyewe. Umenifanya nimchukie mtu asiye na kosa."

"Ungemchagua yeye."

"Ndiyo. Ningemchagua yeye. Na namchagua sasa hivi. Mama yake Bahgat asije leo, na Alhamisi haipo."

Ikasikika sauti ya mwanamume kule jikoni. Mwalimu Galal, baba yake, ambaye nyumbani kwake huwa haongei mpaka aombwe chumvi.

"Lete simu, Fawziya."

"Galal, subiri..."

"Lete." Kisha, karibu zaidi: "Inas, kijana yupo hapo?"

"Nipo, mwalimu," Wagdi akajibu.

"Fatiha ya kufunga uchumba wenu niliisoma mimi na baba yako mdogo. Hairudishwi ndani ya leso na mtu ambaye hakuisoma. Njoo na watu wako baada ya alasiri. Bahgat nitamwambia mwenyewe, hana kosa maskini. Na wewe Wagdi, dhahabu uliiuza?"

"Haijafunguliwa leso, mwalimu."

"Basi njoo nayo hivyohivyo."

Simu ikakatika. Ami Sabri alikuwa ameshafika mlangoni, kazi yake kaiacha chini, anajifanya anatafuta chaki.

Bibi Ornella akagusa mkono wa Inas. "Kuna tatizo? Nimesema vibaya? Naweza kukichukua?"

Wagdi akatikisa kichwa kabla hata ya kutafsiriwa. "Mwambie nimeghairi. Mwambie anisamehe, siuzi."

"Neno limeshatoka," ami Sabri akakumbusha kwa huruma.

"Ami, ni kitanda changu!"

Inas alikuwa amekisogelea kitambaa. Aliinamia ile mishono, midogo na iliyobana. Upande wa juu ndege walikuwa wanene, wamependeza. Chini walikuwa wamekakamaa.

"Hawa wa chini uliwashona lini?"

Wagdi akamsogelea. "Baada ya leso."

"Ulikuwa na hasira?"

"Kila sindano niliyochoma."

Inas akakunja ncha ya kitambaa, akamtazama Bibi Ornella, akamwambia kwa Kitaliano kizuri kabisa: "Chukua. Ni chako, na binti yako awe na heri."

"Inas!" Wagdi akashtuka.

"Muuzie. Mimi silalii hasira, hata kama ni yako."

"Na binti wa Kitaliano yeye ailalie?" ami Sabri akauliza.

"Hasira haikuwa yake, ami. Haitamjua."

Mzee akacheka mpaka akakohoa. Wagdi hakucheka. Alimtazama Inas kama mtu aliyerudishiwa kitu na bado anaogopa kukishika.

"Kingine kitachukua miezi," akasema.

"Kishone polepole."

"Na harusi?"

"Nani kakwambia harusi inasubiri kitambaa?" Inas akajifuta macho kwa mkono wa gauni. "Tutajifunika blanketi la mama yako. Ila mlango wa chumba uwe na ufunguo, nimemwahidi Mama moyoni."

Wagdi akavua subana, akaenda kuteremsha kile kitambaa. Kilikuwa kipana mno kwa mtu mmoja, ikabidi Inas ashike upande wa pili ndipo wakaweza kukikunja.