Hodi ya Marehemu Kisyeri

— Hodi hapa!

Kimya.

— Hodi wenyewe!

Ndani moto ulikuwa ukiwaka, na harufu ya uji wa ulezi ilimfanya Kisyeri ameze mate pale mlangoni. Jua lilikuwa la utosini. Mlango umefungwa kwa ndani, mtu yumo, tena anahema karibu, lakini haitikii.

Wala si hapa tu. Tangu aliposhuka kwenye lori na kushika njia ya Itiryo, hakuna aliyemwitikia. Mzee Heche, mjumbe wa nyumba kumi, mtu asiyejua kunyamaza hata akiumwa jino, aliposikia "Shikamoo, tata" aliangusha jembe akatazama chini mpaka Kisyeri akapita. Wanawake waliokuwa wakipalilia shamba la kijiji waliacha kuimba. Miezi kumi vitani Uganda, amerudi anachechemea, hata pole hakuna!

Ndipo akaliona tuta mbele ya nyumba. Lilikuwa limeanza kuota majani, na juu yake umechomekwa msalaba wa miti. KISYERI, 1979.

Akalisoma jina lake mara mbili. Kijijini kwao kila mtoto aliujua mwiko ule: aliyekwisha kuliliwa matanga akirudi kupiga hodi, wa kwanza kumwambia "karibu" ndiye anayefuatana naye kaburini. Kisyeri akajipapasa kifua. Alikumbuka bomu, kisha kuzinduka chini ya turubai la hospitali, siku ngapi zimepita hajui. Na kama hakuzinduka? Aliogopa, wala mimi simcheki.

— Ghati, ni mimi.

Sauti ya mkewe ikatoka ndani. Lakini haikusema naye.

— Chungu, umemsikia huyo wa nje? Muulize anataka nini kwa mjane.

— Unaongea na chungu, Ghati?

— Chungu, mwambie mume wangu alifia vitani mwezi wa nne. Waliniletea koti lake, barua zangu zimo mfukoni, zile alizoniandikia Mwalimu Theodosia. Zimelowa damu. Koti ndilo tulilozika hapo.

Kisyeri akafumba macho. Koti!

— Koti nilimpa Simioni, yule rafiki yangu wa Ringwani. Homa ilikuwa inamtetemesha. Alfajiri tukapigwa mabomu, mimi nikabebwa, yeye akabaki. Walizikuta barua wakadhani ni mimi! Nilikuandikia mara mbili kutoka hospitali, Ghati!

— Chungu, mbili zilifika baada ya matanga. Mzee Heche akazichoma. Alisema wafu wasituzoee.

Kisyeri akabandika shavu kwenye mlango. Upande wa pili alisikia pumzi, mahali palepale. Alimpenda mwanamke huyu mpaka ikamuuma.

— Chungu, muulize jambo moja tu. Katika barua yangu ya mwisho nilimwuliza swali. Swali gani?

Akazipekua barua zote kichwani: paa linavuja, chumvi imeadimika dukani, ng'ombe mwekundu kavunjika pembe. Angeweza kubahatisha. Lakini alikuwa hajawahi kumdanganya Ghati, na hakutaka kuanza leo, awe hai au asiwe.

— Sijui, mke wangu. Ya mwisho kunifikia ilikuwa ya pembe ya ng'ombe. Kama kuna nyingine, sikuipata. Sijui.

Komeo likalia.

— Karibu! Karibu, mume wangu. Karibu ndani!

Huko njiani mtu akapiga yowe. Ghati alisimama kizingitini, kichwa kimenyolewa, machozi yanamchuruzika, mkononi ana bahasha.

— Umeniitikia! Huogopi?

— Naogopa mno. Lakini wafu wanajua kila kitu. Huyu asiyejua kitu ni wangu. Tazama, posta waliirudisha, haijafunguliwa.

Akacheka huku analia. Nyuma yake, gizani mwa nyumba, kitu kikalia pia.

Kisyeri akarudi hatua moja.

— Nani huyo?

— Ndilo swali lenyewe. Mimba niliificha mpaka nilipoona imetulia, ndipo nikakuandikia: akiwa wa kiume nimwite nani? Hukujibu, tukampa jina la marehemu. Sasa mwenye jina karudi.

Alimpokea mtoto, wa wiki sita, mwepesi mno. Akaligeukia lile tuta.

— Aitwe Simioni, alisema.

Ghati alifuta machozi kwa kanga.

— Mke wa Simioni anajua?

— Ajulie wapi? Aliyekufa si mimi? Bila shaka bado anamwandikia barua.

— Basi kesho tunakwenda Ringwani, sisi na mtoto.

— Tutamwambiaje, Ghati?

— Sijui. Ninachoogopa ni hodi tu. Tukipiga hodi pale, ataitikia mbio, akidhani ni mumewe.