Aliyeshika Klachi

Jua lilikuwa linazama nilipotoka dukani na chupa ya mafuta ya klachi mkononi, nikitembea mbiombio kama mtu anayefukuzwa. Hakuna aliyenifukuza. Nilitaka tu kumaliza.

Nijitambulishe kabla hujaanza kujiuliza. Mimi ni fundi wa giaboksi. Ndiyo, mwanamke. Cheka, ukimaliza tuendelee. Mtaani wananiita Mama Gia, na wale wale waliokuwa wananicheka ndio wanaoniletea magari yao yakianza kulia. Kazi nilifundishwa na mume wangu, hapa hapa gerejini kwetu, yeye akiwa ndani ya shimo chini ya gari, mimi juu kwenye kiti cha dereva. Sasa yeye yuko kaburini, na anayeshuka shimoni ni mimi.

Binti yangu, mtoto wetu wa pekee, alikuwa amenibembeleza miaka nenda miaka rudi nikaishi naye. "Mama, unakaa peke yako unaongea na spana," alikuwa akiniambia. Nikawa nakataa, kwa ukaidi tu. Mwaka huu nikachoka. Nyumba ya mtu mmoja inachosha jamani: unaosha kikombe kimoja, unawasha redio ili upate mtu wa kubishana naye, unapika na hakuna wa kulalamika chumvi imezidi. Nikamwambia, haya mwanangu, nakuja, nimalize gari moja tu. Akapaka chumba rangi. Akalia kwa furaha kwenye simu, na mimi nikalia, ila nikamwambia nina mafua.

Hilo gari moja lilikuwa pikapu kuukuu ya mwalimu mstaafu. Gia ya tatu ilikuwa inachomoka yenyewe, beringi zinalia, na kuingiza ya pili ilibidi uombe dua. Mwalimu alikataa kabisa kuipeleka kwingine.

"Giaboksi hii aliifunga marehemu," aliniambia. "Tangu siku ile hakuna mkono mwingine ulioifungua."

Nilijua. Ndilo gari alilofia chini yake.

Siku ile tulikuwa tumesharudisha giaboksi mahali pake, tunatoa upepo kwenye klachi. Hiyo ni kazi ya watu wawili. Wa juu anakanyaga pedeli na kuishikilia. Wa chini anafungua nati ndogo, mafuta yanatoka na mapovu yake, anaifunga, ndipo anasema achia. Kanyaga, shika, achia, hivyo hivyo mpaka mapovu yaishe. Mume wangu akasema, "Shika, bibie." Nikamjibu kama nilivyomjibu siku zote, "Nimeshika, bwana wee." Nikashika. Nikangoja aniambie achia. Nikangoja mpaka mguu ukaanza kunitetemeka, nikidhani anatafuta spana.

Daktari alisema moyo ulizimika ghafla, hata maumivu hakuyasikia. Mwalimu akaja kulivuta gari lake, upepo ukatolewa na mafundi wa gereji nyingine, maisha yakaendelea.

Sasa limerudi. Nilipoishusha giaboksi na kuifuta, nikaona kwenye ukingo, kwenye gundi nyekundu iliyokauka, alama ya dole gumba. Lake. Nikaweka dole langu juu yake nikakaa hivyo kitambo. Halafu nikakwangua, kwa sababu gundi ya zamani haichanganywi na mpya, na kazi ni kazi. Ndani, pete za shaba zilikuwa zimelika meno hadi zimekuwa laini kama pete ya ndoa. Nikatia pete mpya, nikatia beringi mpya, nikafunga, nikairudisha juu kwa jeki. Ilibaki kutoa upepo tu. Ndiyo maana nilikimbilia dukani jioni ile.

Nikamkuta Cheche, mchomeaji vyuma wa banda la jirani, anafunga mitungi yake. Yeye ndiye hunikanyagia pedeli siku hizi.

"Cheche, njoo unikanyagie kidogo."

"Mama Gia, kesho asubuhi. Mke wangu homa imempanda, amepiga simu mpaka nimeona aibu."

"Basi nitafanya mwenyewe. Nitaweka ubao."

Akatikisa kichwa. "Sikio la kufa..."

"Halisikii dawa, najua. Nenda kwa mkeo. Mwambie ugua pole."

Akaondoka. Nikasikia baiskeli yake ikipotea barabarani. Gereji ikawa yangu peke yangu, giza likiingia kupitia matundu ya mabati.

Nikabonyeza pedeli kwa mkono, nikakaza ubao kati yake na kiti. Nikashuka ngazi za shimo na tochi. Hewa ya shimoni ni nzito, ina harufu ya oili na udongo mbichi. Nikaifikia nati. Nikaweka spana...

Ko!

Ubao ukachomoka. Nikausikia ukidunda kwenye sakafu ya gari, na pedeli ikaruka juu. Nikatukana tusi ambalo mama yangu angelisikia angenizaba kofi. Na katika kutukana huko, mdomo ukanitoka kwa mazoea:

"Shika, basi!"

Kimya.

Halafu... nyiiik.

Pedeli ikashuka.

Nikamulika. Kijiti cha klachi, kile kinachosukumwa pedeli ikikanyagwa, kilikuwa kimeingia hadi mwisho, na kimetulia. Springi za gari zililia kidogo juu ya kichwa changu, kama zinavyolia mtu akijiweka sawa kitini.

"Cheche? Umerudi?"

Hakujibu mtu.

Niseme ukweli, akili iliniambia toka humo mbio. Lakini mikono ya fundi haina akili. Mikono ilishafungua nati. Mafuta yakatoka, mapovu meupe yakapasuka, nikafunga.

"Achia," nikanong'ona.

Pedeli ikapanda.

"Shika."

Ikashuka.

Ndipo harufu ikanijia. Marashi ya waridi, mepesi, yakishuka kutoka juu kupitia tundu la mkono wa gia. Nikaanza kulia, na sikulia kwa woga. Nilidhani amerudi. Nani mwingine angekuja kunisaidia kazi hii, kwenye gari hili? Nikafuta machozi kwa mkono wenye oili nikaendelea. Kanyaga, shika, achia. Mapovu yakaisha. Mafuta yakawa yanatoka safi, hayana hata povu moja, na mimi naendelea tu kufungua na kufunga. Utanisamehe. Ilikuwa miaka mingi tangu nifanye kazi na mtu wa nyumbani kwangu.

Kilichonishtua ni hayo marashi. Mume wangu hakuwahi kujipaka marashi maishani mwake. Mpakaji nilikuwa mimi. Niliacha wiki ya msiba.

Nikasema, polepole, "Shika..."

Na kutoka kwenye kiti cha dereva sauti ikajibu:

"Nimeshika, bwana wee."

Ilikuwa sauti yangu.

Si hii ya sasa yenye mikwaruzo. Ile ya zamani, nilipokuwa na meno yote na maringo juu. Nikataka kusema achia, nikashindwa. Na huko juu yule aliyeshika alikuwa anangoja. Nikaona kijiti cha klachi kikianza kutetemeka. Mguu wake ulikuwa unachoka. Niliujua uchovu huo, mfupa kwa mfupa.

Nyuma yangu, shimoni, mtu akakohoa.

Harufu ya sigara, zile zile za marehemu.

"Achia, bibie."

Pedeli ikapanda. Juu kukasikika kicheko. "Nilidhani umelala huko chini!"

"Nimechoka," akasema sauti ya mume wangu, karibu na sikio langu. "Twende zetu ndani."

Nikageuka na tochi. Ukuta wa shimo. Madoa ya oili. Hakuna mtu. Lakini kitambaa cha shati kilinigusa bega kikipita, na joto lake, na hatua zikapanda ngazi moja baada ya nyingine. Nikamwita. Nikamwita jina ambalo ni mimi tu niliyekuwa nikimwita, tukiwa wawili. Hatua hazikusita hata kidogo. Alipita kama mtu anayepita kando ya tairi lililosimamishwa ukutani.

Mlango wa gari ukafunguka. Ukafungwa. Nikasikia nyayo za watu wawili zikivuka sakafu ya gereji, wanaongea chinichini, wanacheka jambo ambalo sikulisikia. Zikaelekea mlango wa nyuma, wa chumba ninacholala. Mlango ukalia. Ukafungwa.

Komeo likaingia.

Sijui nilipandaje ngazi zile. Nilipofika juu, mwanga ulikuwa unapita chini ya mlango wangu. Mimi sikuwa nimewasha taa. Nikasukuma. Mlango haukwenda popote. Umefungwa kwa ndani, na humo ndani naishi peke yangu.

Kijiko kikagonga kikombe. Halafu kijiko kingine.

Nilisimama hapo, nimechafuka oili hadi viwiko, nikaona aibu ya ajabu, aibu ya mgeni asiyealikwa. Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo. Nilikuwapo! Nilikuwapo siku zote! Nikagonga mlango wangu mwenyewe.

"Hodi..."

Vijiko vikanyamaza.

"Nani?" ikauliza sauti yangu, kule ndani.

Ningejiita nani?

Na mume wangu akanong'ona, lakini nilimsikia vizuri sana:

"Usifungue, bibie. Saa hizi hagongi mtu mwema."

Taa ikazimwa.

Nililala kwenye pikapu, kama kule kunaitwa kulala. Kiti cha dereva kilikuwa bado na joto. Sikupumzisha macho mpaka jogoo wa jirani alipowika, na hata huyo nilimshuku.

Cheche aliponikuta asubuhi alidhani nimekufa. Nikamweleza. Hakucheka, na Cheche hucheka hata msibani. Aliingia kwenye gari, akakanyaga klachi, akapitisha gia zote, ya kwanza mpaka ya mwisho na kurudi nyuma. Zikaingia bila kelele.

"Upepo wote umetoka," akasema. "Hii huwezi kuifanya peke yako, Mama Gia. Na ubao hauwezi."

"Nimekwambia waliofanya."

Akazungusha kofia yake mkononi. "Babu yangu alikuwa anasema ukikatiza kazi ya watu wawili katikati, kuna wanaobaki wanaisubiri. Sisi tulidhani anatutisha tusitoroke shambani." Kisha akaenda mwenyewe kwenye mlango wa nyuma, akausukuma kwa kidole. Ukafunguka. Komeo lilikuwa wazi, kitanda kimetandikwa, vikombe viko kabatini. Hakukuwa na kitu cha kumwonyesha mtu. Akaniangalia kwa huruma, akasema nifunge virago nikapande basi leo leo, yeye atampelekea mwalimu gari lake.

Kwa mara ya kwanza sikubishana na mtu. Nikaburuta begi kutoka uvunguni nikaanza kutupia nguo, hata kuzikunja sikuzikunja. Simu ikaita pale pale mezani nilipokuwa nimeiacha tangu jana. Binti yangu. Nikaidaka kama mtu anayezama anavyodaka kamba.

"Shikamoo mama!"

"Marahaba mwanangu. Sikiliza, naja leo..."

"Mama wewe, acha utani wako!" Alikuwa anacheka. "Jana ulinifurahisha sana. Tangu nilipopiga mpaka tunaagana unacheka tu. Nimemwambia mume wangu, huyo ndiye mama yangu ninayemkumbuka nikiwa mdogo. Na yule aliyekuwa akikohoa kando yako je? Ulidhani sikumsikia?"

Nikakaa kitandani.

"Nilikwambia nini jana?" nikamuuliza.

"Umesahau mara hii? Uliniambia huwezi kuhama ukamwacha mwenzio, kwamba hapo kwako mko wawili na mnatosha. Nimekuelewa, mama, sijanuna. Kile chumba nimempa wifi yangu, ameshaanza kuleta vitu vyake. Sitakusumbua tena. Raha yako ndiyo raha yangu."

Nikamwambia sikuwa mimi. Nilimwambia, tena na tena. Akasema kwa upole, kama unavyosema na mgonjwa, "Mama, mbona leo una sauti ya kuzeeka hivyo? Jana ulikuwa mzima. Hebu mpe simu huyo mzee niongee naye."

Nikabaki nimeshika simu. Ningemwambiaje mtoto kwamba mama aliyemfurahisha jana yuko na baba yake, na kwamba huyu anayemlilia sikioni ndiye aliyefungiwa nje?