Shemeji Alivyotumia Sauti ya Marehemu Kunitukana Ukumbini

"Sikuwahi kumtaka yule mwanamke!"

Sauti ilikuwa ya mume wangu.

Mume wangu ni marehemu.

Nilikuwa nimekaa mlangoni pa ukumbi wetu wa sinema, kwenye kiti changu cha plastiki chenye mguu uliofungwa waya, tiketi mkononi. Spika zikanguruma tena...

"Nilikuwa narudi nyumbani kwa huruma tu! Hazai, kazi yake kusali mpaka chakula kinapoa! Mke gani yule?"

Ukumbi mzima ukageuka kunitazama. Shingo zote! Kama kuku waliosikia mtama ukimwagwa.

Maana mtaa mzima unajua ni nani hakujaaliwa mtoto. Na mtaa mzima unajua ni nani anasali.

Sikulia. Nilimkatia tiketi mtu aliyechelewa, nikamwambia, "Pita, mbele kuna nafasi."

Jamani, ngoja niwaeleze vizuri, kwa sababu kuna watu wanaisimulia hii habari mtaani na wanaisimulia vibaya.

Mume wangu alikuwa mtafsiri wa sinema. Sinema inatoka ng'ambo na lugha yake, yeye anakaa pembeni na maiki, anapunguza sauti ya sinema, anawasemea wote kwa Kiswahili. Mwanaume yeye, bibi kizee yeye, hata farasi yeye.

Ukumbi ulikuwa mbele, chumba chetu nyuma. Ukuta ni mmoja.

Sinema zilizotuweka mjini ni za Kipara.

Jina la kwao la yule shujaa hakuna aliyehangaika nalo. Mume wangu ndiye alimwita Kipara, kwa kuwa hana unywele hata mmoja. Kazi yake kuingia mapangoni kutafuta vitu vilivyopotea, na watu wabaya nyuma yake.

Na kila sinema, karibu na mwisho, kabla hajaruka genge la mwamba la kutisha, Kipara anasema...

"Mke wangu, bandika maji ya kuoga. Narudi!"

Hapo watu wazima walikuwa wanasimama juu ya mabenchi! Wanaitikia kwa pamoja, "NARUDIII!"

Kinyozi wa jirani aliyaandika maneno hayo ukutani kwake kwa rangi nyekundu. Kinyozi, anampenda mtu mwenye kipara! Biashara gani hiyo? Fundi cherehani naye akayatarizi kwenye kofia. Hao wawili ndio walikuwa maprofesa wa Kipara hapa mtaani.

"Maji pale si maji," Kinyozi alikuwa anawaeleza wateja, wembe uko shingoni mwa mtu. "Maji pale ni uhai!"

Sawa.

Mume wangu akafariki. Ukumbi ukapoa. Watafsiri niliowaleta watu waliwazomea.

Ndipo akaja shemeji, mdogo wake marehemu. Mtu ambaye hakuja hospitali hata mara moja, eti harufu ya dawa inamtia kichefuchefu. Alikuja na vitu viwili: sinema ya tano ya Kipara, mpya kabisa, na koo lake.

Koo lile... Wapendwa, ukifumba macho, ni kaka yake kabisa.

Mama mkwe alipomsikia kwenye maiki, alimwita kwa jina la kaka yake.

Akatuita sebuleni kwake, mimi na shemeji, maana ukumbi ni mali yake.

"Mkwe wangu," akaniambia, "ukumbi wa sinema ni sauti. Bila sauti ni ghala. Huyu akiujaza mpaka mwisho wa wiki, namkabidhi funguo."

"Na mimi, mama?"

"Wewe utarudi kwenu."

Kwetu yamebaki makaburi, na mdogo wangu aliyebanana na watoto wake kwenye chumba cha kupanga. Mama mkwe alijua hilo. Lakini alikuwa hanitazami, alikuwa anamtazama mwanawe, koo lile lisije likapotea.

Basi siku ya kwanza ya sinema ya tano ndiyo hiyo niliyowaanzia. Watu walipotoka, shemeji akanifuata mlangoni anafuta jasho kwa leso.

"Shemeji, umemsikia Kipara leo?"

"Nimemsikia."

"Basi kesho anaweza kukumbuka mengine. Kwa nini usijiondokee mapema, ukajipunguzia aibu?"

"Mungu anakuona, shemeji."

Akacheka. "Huyo anaona sinema bure, tiketi hakati!"

Nikaendelea kuhesabu tiketi. Ujinga ukishajua kucheka huwa haufundishiki.

Nilidhani asubuhi watu watakuja kunipa pole. Kweli walikuja! Walijaa kwenye ngazi za ukumbi kabla sijafagia.

Kumbe walikuja kwa ajili ya Kipara.

"Wamemharibu!" Kinyozi alikuwa anapiga kelele. "Hao watengenezaji wa ng'ambo hawana adabu! Kipara kumshikisha chupa? Kumvalisha nguo za kulala? Kuokolewa na mpwa wake mwenye nywele kama ufagio?"

"Mtu anazeeka, bana," Fundi akamjibu. "Ulitaka aruke magenge mpaka kaburini?"

"Kuzeeka sawa! Lakini kumkana mke? Kipara huyu? Wa bandika maji?"

"Labda ndoa ilikuwa na matatizo tangu sinema ya pili. Ukimwangalia vizuri kwenye ile ya pili, macho yake..."

"Macho yake yana nini?"

"Yana siri."

"Siri! Fundi, shona nguo!"

Mimi nikawa nafagia.

"Nyanyua mguu," nikamwambia Kinyozi.

Akanyanyua mguu. Macho hakuyanyanyua.

Mnaelewa? Watu wazima, wenye ndevu, wanamlilia mwanaume wa kwenye kitambaa cheupe kwa sababu amesema neno baya juu ya mkewe. Na mwanamke aliyelibeba neno lenyewe, mtu wa nyama na damu, amesimama katikati yao na ufagio... hawamwoni!

Na ubishi ule ndio ulionimaliza. Kila aliyeusikia alitaka kuja kujionea kama Kipara kaharibiwa au hajaharibiwa. Ukumbi ukajaa, watu wakakaa mpaka kwenye ndoo. Shemeji akawa kila onyesho anaongeza tusi. Mara Kipara analalamika mkewe ana baridi kama jiwe la kisima. Mara mkewe alimroga kwa sala. Maprofesa wakitoka hapo wanabishana upya, wanawalaani watengenezaji.

Mama mkwe alikaa benchi la mbele kila siku. Alikuwa hatazami. Alifumba macho, anasikiliza tu, machozi yanamtoka.

"Mama," nilimwambia, "unayasikia yanayosemwa?"

"Hayo ni maneno ya sinema, usiyaweke moyoni. Mimi namsikia mwanangu."

Nikaona nimekwisha.

Sasa, mimi si mpenzi wa sinema. Miaka yote pale mlangoni ninaangalia watu, wasipenye bure. Lakini siku ile nikasema, hebu nimtazame vizuri huyu mwanaume anayenitukana kila siku. Nikamkazia macho Kipara kwenye sehemu ile ile, amekaa barazani na chupa yake, mvua inanyesha.

Spika inatukana.

Mdomo wa Kipara umefungwa!

Hakuwa anasema kitu. Alikuwa anaitazama mvua.

Nikakumbuka meza ya marehemu, pale alipokuwa anakaa na maiki na kusema alichotaka, nikaelewa yote. Lakini sikukimbilia kusema. Kuna kamba ukiivuta haichagui cha kuangusha. Nilijua nikiivuta hii haitamwangusha shemeji peke yake.

Nikaomba. Jibu likawa moja: uongo ni uongo. Hauwi mzuri kwa kuwa unaupenda wewe.

Onyesho la mwisho wa wiki, funguo ziko mapajani kwa mama mkwe, tayari kukabidhiwa. Kipara akakaa barazani. Mvua ikaanza. Shemeji akavuta pumzi...

"Yule mwanamke..."

Nikatoka mlangoni, nikachomoa waya wa maiki.

Kimya! Nikapandisha sauti ya sinema yenyewe. Mvua. Mvua tu, inanyesha juu ya bati.

"Washa maiki!" watu wakapiga kelele.

"Tazameni mdomo wake," nikasema. "Nyinyi mnaomjua sana."

Wakatazama. Mvua ikanyesha mpaka ikakatika. Kipara akainuka, akaingia ndani. Neno hata moja hakusema.

"Hasemi kitu!" Fundi akasema.

"Alikuwa anawaza!" Shemeji akaruka. "Mimi nimetafsiri mawazo!"

"Mawazo?" Kinyozi akasimama. "Umetafsiri MAWAZO?"

Wakamzomea hao! Kofia zikarushwa. Shemeji akajifunika uso kwa mikono. Mngedhani hapo nimeshinda.

Bado.

Kinyozi akainua mkono, uso umembadilika rangi.

"Ngojeni. Ile ya pili ipo? Weka ile ya pili, pale anaporuka."

Kamba ndiyo hiyo.

Ningeweza kusema imeharibika. Niliiweka. Sauti ya sinema juu, maiki imezimwa.

Kipara akafika ukingoni mwa genge. Watu wakasimama kwenye mabenchi kwa mazoea, midomo wazi, tayari kuitikia.

Kipara akaruka.

Na tochi kaing'ata kwenye meno!

Sinema waliyoitazama tangu ndevu hazijawaota. Tochi ilikuwepo siku zote, kubwa kama mchi. Hakuna aliyewahi kujiuliza mtu anasemaje na tochi mdomoni.

"Haku... hakusema 'narudi'?" Kinyozi akauliza kwa sauti ya mtu aliyefiwa.

"Hakuwahi kusema," nikamjibu. "Huyo hana hata mke. Aliyekuwa anasema ni mume wangu, na alikuwa ananiambia mimi. Chumba chetu kiko nyuma ya ukuta huo. Alikuwa anatoka humu amelowa jasho, akataka nijue sinema inakaribia kuisha. Nikimsikia kwenye spika, natoka mlangoni, naenda kubandika sufuria."

Watu wakaanza kushuka mabenchini, mmoja mmoja.

"Kwa hiyo maji..." Kinyozi akaanza.

"Yalikuwa maji."

Fundi akavua kofia yake, akayasoma maneno yake mwenyewe kama mtu anayesoma barua ya mwingine.

Mama mkwe akainuka. Safari hii macho yalikuwa wazi. Akaenda mpaka kwa shemeji, akanyoosha mkono.

"Nipe hicho."

Shemeji akampa maiki.

"Nilikuuliza maneno haya yametoka wapi. Ukaniambia yametoka ng'ambo."

"Mama, nilikuwa nachangamsha tu..."

"Mwanangu alikuwa anatumia kazi yake kumwambia mkewe narudi nyumbani. Wewe umemfukua, ukamkalisha mbele yangu, ukamfanya amtukane mkewe. Na mimi nikawa nalia kwa furaha!"

Akaniwekea funguo mkononi mbele ya watu wote. Hakuomba msamaha, wakwe hawajui njia hiyo. Lakini vidole vyake alichelewa kuviondoa juu ya vyangu.

Shemeji alitoka kwa mlango wa nyuma. Nasikia sasa anaongea kwenye sherehe za watu, na huko nako anatafsiri mawazo.

Sasa sikieni lililonichekesha.

Watu hawakuondoka! Walibaki wamekaa. Dakika haikupita, Fundi akasema, "Lakini kama maneno ni ya marehemu, basi ni marehemu ndiye aliyemharibu Kipara tangu mwanzo."

"Amemharibu? Amemjenga!" Kinyozi akamaka. "Bila marehemu, Kipara ni mwizi wa mapangoni asiye na kwao!"

"Ndiye Kipara wa kweli huyo!"

"Wa kweli kwa nani?"

Wakaanza upya! Palepale! Mishipa imewatoka!

Nikapanda jukwaani. Sikupaza sauti.

"Nina neno moja. Wiki nzima mmekuwa mnamtetea Kipara. Mimi nimetukanwa mbele yenu kila siku, mkanitazama, mkageuza shingo. Kuna hata mmoja aliyenipa pole?"

Wakainamisha vichwa. Kinyozi akasimama, akakunja mikono kifuani kwa adabu.

"Mama... pole sana. Kwa kweli tumekosa."

"Asante."

"Lakini kesho utaweka ya tatu? Tukaangalie na pale mdomo."

Nikazima taa.

Ukumbi uko mikononi mwangu mpaka leo. Nimepata mtafsiri, dada mmoja aliyekuwa akitangaza bidhaa sokoni. Nimempa sharti moja: mdomo ukifungwa, na wewe funga. Walimzomea, kisha wakamzoea. Watu hawa hawana pa kwenda.

Funzo langu ni fupi, elimu yangu ni ya shule ya msingi tu. Usimpime mtu kwa shujaa anayempenda. Kupenda shujaa ni rahisi, shujaa haombi kitu. Mpime anapopita mlangoni na kumkuta mtu wa kweli amedhalilishwa. Akigeuza shingo, basi hata akijua sinema zote kwa moyo, huyo ni benchi lenye tiketi.

Nami nawajua. Nimeandika hapa habari ya mjane aliyetukanwa kwa sauti ya mumewe mwenyewe, akakaribia kutolewa nyumbani kwake.

Najua mtakachoniuliza huko chini.

Haya, ulizeni. Ndiyo, kwenye ya tano Kipara anakufa.