Ukurasa wa Tano

Kila jioni, akishaosha vyombo, Marlys aliingia kwenye banda la gari nyumbani kwao Zanesville, Ohio, akaitwanga barua kwa vishale. Ilikuwa barua ya kampuni ya bima, imebandikwa ukutani, kurasa zote tano. Marlys alikuwa na miaka kumi na miwili, na shabaha yake haikuwa ya mchezo.

Barua ile ilimnyima mdogo wake, Wendell, sindano za kutibu viungo vya mwili. Magoti ya mtoto yalikuwa yamevimba hata akawa anashuka ngazi kwa makalio. Kampuni ilidai hajatumia vidonge vya bei nafuu kwa miezi sita. Mama alikata rufaa kwao wenyewe, na barua hii ndiyo ilikuwa jibu: hapana, tena.

"Nitawakomesha!" Marlys alisema, akarusha kishale. "Watalia wao safari hii!"

"Una shabaha, lakini unampiga asiyelia."

Alikuwa Bi Oleta Pruitt, jirani yao, amesimama mlangoni na sahani ya mkate wa mahindi. Alikuwa amekagua madai ya wagonjwa kwa miaka kumi na tisa katika kampuni ya bima, mpaka siku walipomwachisha kazi. Kinyongo chake kilikuwa bado kibichi.

"Hiyo barua umeisoma?"

"Mara mia!"

"Mpaka mwisho?"

Marlys akashusha kishale. Yeye na mama walisoma ukurasa wa kwanza tu. Mama alilia, yeye akatafuta pini.

Bi Oleta aling'oa vishale, akashika ukurasa wa tano uliotoboka kama chujio. Akasoma akiruka matundu: mgonjwa ana haki ya kuomba kesi yake ipitiwe upya na daktari wa nje, asiye mtu wa kampuni. Siku mia moja na themanini tangu kupokea barua. Akahesabu kwa vidole. Zilibaki kumi na moja.

"Mungu wangu!" Marlys alisema. "Miezi yote hii naitoboa!"

"Ulikuwa unatoboa silaha yako. Wanajua mtu mwenye hasira haendi mpaka mwisho. Sasa sikiliza utamu wake: ombi tunawapelekea wao wenyewe, na sheria inawalazimisha kulipeleka kwa daktari wa nje. Daktari akisema lipeni, watalipa wapende wasipende. Na gharama ya kazi yake ni juu yao."

Marlys akacheka, kicheko kibaya kabisa.

Ushahidi ulikuwa chumbani kwa Wendell. Alihifadhi gololi zake ndani ya chupa tupu za vidonge, na kila chupa ilikuwa na jina lake na tarehe. Mama na Marlys walizipanga mezani. Zilikuwa tano, chupa moja kwa mwezi.

"Wanataka sita," Marlys alinong'ona. "Nibadilishe tarehe ya hii? Nani atajua?"

"Thubutu!" Bi Oleta aliifunika chupa kwa kiganja. "Mimi ndiye niliyekuwa nawinda uongo kama huo. Nikiupata mmoja, natupa na kweli zote. Mwezi wa sita kilitokea nini?"

"Alitapika damu," mama alisema. "Daktari akavisimamisha."

"Basi andika hivyo hivyo."

Wakaandika. Daktari wa Wendell akatoa barua yake. Marlys akaambatanisha ukurasa wa tano na matundu yake yote, ili wauone.

Baada ya wiki nne jibu likaja. Marlys alilisoma kwa sauti, kuanzia anwani mpaka sahihi. Daktari wa nje aliandika kwamba kumrudisha mtoto kwenye vidonge vilivyomtapisha damu kungekuwa hatari, na kwamba kampuni lazima ilipie sindano.

"Tumewaweza!" Marlys aliruka. "Wameula wa chuya!"

"Tumewaweza, tena vizuri," Bi Oleta alisema bila aibu yoyote. "Lakini kumbuka, mwanangu: hasira ni ya kukuamsha tu. Ukishaamka, kaa chini usome mpaka mwisho, halafu sema kweli. Mwenye kweli na karatasi zake, hawana pa kumshika."

Sindano ya tatu ilipopita, Marlys akiwa bandani akirusha vishale kwenye duara alilochora ukutani, alisikia nyayo nyuma yake. Wendell alikuwa anashuka ngazi za kuingia bandani kwa miguu yake, polepole, chupa za gololi zikigongana mfukoni.

"Nipe kishale na mimi," alisema.