Dola Iliyokataa Daraja

Jua lilikuwa linazama nyuma ya milima Delmar Pruett alipotoka posta na kifurushi chake. Hakuweza kungoja mpaka afike nyumbani. Alikichana palepale ndani ya gari, kwa meno.

Karatasi ilikuwa ileile. Maneno yaleyale.

Imesafishwa. Haipewi daraja.

"Mara ya tatu!" Akaupiga usukani ngumi. "Mara ya tatu, jamani!"

Ngoja nikuambie, maana asiyekusanya sarafu hawezi kuijua hasira hii. Dola ya fedha ya zamani haisuguliwi. Haipanguswi hata kwa hariri. Ile rangi iliyojiotea juu yake kwa miaka mia ndiyo ngozi yake. Ukiisugua umeiua, na wapima wanaozipa sarafu daraja la ubora watakurudishia ndani ya mfuko wa nailoni kama mzoga wa panya. Delmar alilijua hilo tangu ana miaka tisa. Na dola hii, iliyopigwa chapa katika mji wa Carson City mwaka 1889, ndiyo pekee iliyobaki ili seti yake itimie. Miaka thelathini na minane alikuwa akiitafuta.

Alikuwa ameinunua kwenye mnada wa vyombo vya marehemu, nyumbani kwa akina Tolliver. Rangi yake ilimlewesha: mwezi mchanga wa buluu na hudhurungi, umejipinda ukingoni. Kila alipoifunga kwenye kifurushi usiku, tayari kwa posta, ilikuwa na mwezi wake. Ilirudi imekwanguliwa, nyeupe pe. Ikilala nyumbani siku moja tu, mwezi unaota tena.

Mtu mwingine angeogopa. Delmar alikasirika tu.

Alimkuta mkewe jikoni, anatoa mkate wa nyama kwenye oveni.

"Verla, umeitia magadi tena?"

"Delmar, nimekwambia sijaigusa."

"Nyumba nzima inanuka magadi!"

"Hata mimi naisikia. Sijui inatoka wapi." Akaweka sufuria kwa kishindo. "Miaka thelathini nimekufulia soksi zako, nimewahi kukudanganya? Niamini mara moja tu, mzee. Ukiniita mwongo tena, naondoka. Nimechoka kushindana na kipande cha chuma."

Delmar akampa mgongo. Akaenda zake kuikagua sarafu kwa kioo cha kukuzia.

Jumamosi aliamua kuipeleka mwenyewe. Aliendesha gari kwa muda wa saa tano mpaka mji wa Reno, kwenye maonyesho ya sarafu, dola ameifungia kifuani chini ya fulana. Wapima waliigeuza kwenye taa, wakanong'onezana, wakaandika.

Sitini na nne kwa sabini!

Wakaifungia kwenye kasha gumu la plastiki. Kasha hilo halifunguki ila kwa kulivunja, na ukilivunja daraja limekufa. Delmar alilia kama mtoto, palepale, mbele za watu. Jumapili akarudi nyumbani anapiga mluzi.

"Sasa unaniamini?" Verla akamuuliza mlangoni.

"Eh... labda safari hii hukuipata."

Loo, Delmar! Neno moja tu lilihitajika, naye hakulitoa. Verla akampisha apite. Kisha akaenda chumbani, na Delmar akasikia sanduku linavutwa kutoka uvunguni.

Nje theluji ya kwanza ilikuwa inaanguka. Giza lilikuwa ndiyo kwanza linaingia.

Ko. Ko. Ko.

Mlangoni alisimama mwanamke mzee, gauni jeusi la kizamani, vidole vimechubuka kwa kusugua. Harufu ya magadi ilimtangulia... na nyuma yake, harufu ya udongo uliolowa.

"Nimefuata ya mwanangu," akanong'ona. "Umeifungia. Siwezi tena kuisafisha."

"Wewe ndiye—! Unajua umenitesa kiasi gani?"

"Nani anamwekea mwanawe kitu kichafu usoni?"

Akakunjua kiganja. Ndani yake, dola nyingine. Mwaka uleule.

Hapo Delmar akakumbuka. Bonde zima lilijua: akina Tolliver waliwafumba wafu wao macho kwa dola mbili za fedha, na dola hizo hazitenganishwi, haziuzwi moja moja. Bibi yake alimwonya. Siku ya mnada aliuona ule mwezi wa rangi, na moyoni alijua ni umbo la nini. Ni kope. Alijua, akalipa.

"Jicho moja linanitazama," mwanamke akasema. "Nipe, mwanangu alale."

Delmar akalikumbatia kasha. Sitini na nne. Miaka thelathini na minane.

"Nimeinunua kihalali, mama. Nenda zako."

Mwanamke hakugomba. Alichungulia tu juu ya bega lake, kuelekea chumbani.

"Basi nitaomba msaada kwingine."

Delmar akaubamiza mlango.

"Delmar..." Sauti ya Verla, ndogo sana. "Delmar, jicho langu halifumbiki."

Alikuwa amekaa kitandani, koti mwilini, sanduku miguuni. Jicho la kulia lilipepesa. La kushoto lilikaa wazi, kavu, linatazama kando. Delmar akaivuta kope kwa kidole, ikarudi juu.

Akakimbilia nyundo. Pa! Pa! Kasha likapasuka. Akatoka mbio kwenye theluji bila viatu.

"Mama! Ichukue! Ichukue, nimekosa!"

Njia ilikuwa tupu.

Aliporudi, Verla alikuwa anatabasamu, mkono wake umeshika hewa.

"Mbona hukuniambia tuna mgeni?"

"Verla, hakuna mtu hapo."

"Ananiomba nikamsaidie kumlaza mwanawe. Anasema anajua sikuisugua, Delmar." Akasimama, sanduku akaliacha. "Yeye ananiamini."

"Hata mimi! Verla, nakuamini, wallahi nakuamini!"

Kitasa kikazunguka kabla Verla hajakigusa. Taa zikazimika zote. Delmar alipoupapasa mlango, Verla alikuwa ameshatoka, na mlango ulikuwa umefungwa, wala haukufunguka hadi alfajiri.

Sherifu alizifuata nyayo za Verla hadi kwenye lango la makaburi ya akina Tolliver, zilikoishia. Zilikuwa za mtu mmoja tu. Lakini njia nzima alikuwa ametembea pembeni kabisa, kama anayempisha mwenzake.