Mkate wa Leo, Lebo ya Jana

Katika nyumba hii kazi huanza alfajiri. Mama anakanda unga na kuoka mikate. Baba anaipanga kwenye trei na kuipeleka hospitali kwa gari. Binti yao anachapa lebo kwenye kompyuta, mezani karibu na mlango wa jiko. Watu humwita Chapuchapu, na hajawahi kuuliza kwa nini.

Programu ya lebo imeandikwa kwa JavaScript. Kuianzisha, Chapuchapu huandika amri fupi:

node lebo.js mweupe

Node ndiyo inayoendesha programu. Lebo.js ni faili ya programu yenyewe. Mweupe ni aina ya mkate. Wakioka mkate wa kahawia, wanabadilisha neno la mwisho tu. Katika nyumba hii kila agizo huwekwa mwisho.

Asubuhi moja Baba alirudi mapema. Trei zote zilikuwa zimejaa.

"Umesahau nini?" Mama aliuliza.

"Sijasahau kitu. Mtunza stoo amekataa. Anasema mkate wa jana hapokei."

"Wa jana! Nimeutoa kwenye oveni sasa hivi!"

"Nilimwambia aushike. Akaushika, akapuliza vidole. Halafu akasema yeye anaamini lebo, haamini vidole. Kesho ikiwa hivi tena, anatafuta mwokaji mwingine."

Mama alikaa juu ya gunia la unga. Karibu mikate yao yote hununuliwa na hospitali hiyo.

Wakaitazama lebo. Kweli, ilikuwa na tarehe ya jana. Wakaitazama saa ya kompyuta. Ilikuwa sawa kabisa, siku na dakika.

"Sasa nani kasema jana?" Mama aliuliza.

Chapuchapu alimwandikia mtengenezaji wa programu, ambaye anaishi nchi ya mbali. Jibu lilikuja upesi: "Toleo jipya mlilopakua jana linafuata saa za huku kwetu, lisipoambiwa mapema saa za kwenu. Huku bado ni jana usiku. Nimewatumia faili ndogo, saa.js, yenye saa za kwenu. Ipakieni kabla ya programu, kwa kutumia --require. Msiguse lebo.js. Toleo lijalo litafuta mtakachobadilisha humo."

"Rahisi!" alisema Chapuchapu. Akaongeza maneno mwishoni, kama kawaida yao:

node lebo.js mweupe --require ./saa.js

Printa ikatoa lebo. Jana.

"Imelalamika?" Mama aliuliza.

"Haijasema kitu."

"Labda imenuna," alisema Baba. "Bonyeza kwa nguvu."

Chapuchapu akabonyeza kwa nguvu. Jana tena. Akazima kompyuta, akaiwasha, akaandika upya. Jana.

"Mimi nimechanganyikiwa," Mama alisema. "Faili ipo. Amri imekubaliwa. Sasa hiyo saa imekwenda wapi?"

Wakati huo jirani wa ghorofa ya juu aliingia kununua mkate. Kazi yake ni kuandika programu.

"Habari za asubuhi, dada. Mbona mmeizunguka kompyuta kama mnaangalia mgonjwa?"

Wakamweleza, wote watatu kwa pamoja. Alisikiliza, kisha akasoma amri kwenye skrini.

"Shemeji," alimwambia Baba, "mkate ukishaiva, ukaumwagia hamira juu, utaumuka?"

"Hata mtoto anajua hautaumuka."

"Ndivyo mlivyofanya. Hamira ni saa.js, na mmeileta mkate ukiwa umeiva."

"Lakini tumeiandika, mama mdogo!" alisema Chapuchapu.

"Mmeiandika, ila ameambiwa asiyehusika. Node inasoma amri kuanzia mwanzo. Maneno ya kabla ya jina la programu ni maagizo kwa node yenyewe. Yanayofuata jina hilo inaikabidhi programu. Programu ya lebo inajua mweupe na kahawia tu. Neno isilolijua inaliacha lipite."

"Ndiyo maana haikulalamika," Mama alisema polepole.

"Ndiyo, dada. Sasa sogeza, mwanangu. Iwe mbele ya lebo.js."

Chapuchapu aliandika haraka:

node --require saa.js lebo.js mweupe

Skrini ikajaa maneno. Yalisema moduli ya saa.js, yaani kipande hicho cha programu, haikuonekana.

"Basi, tumeiharibu!" Baba alisema.

"Hapana, shemeji. Afadhali inasema. Mwanangu, umeacha nukta na mstari wa mshazari. Alama hizo zinaiambia node itafute humu humu, kwenye folda tuliyomo. Usipoziweka, inatafuta kwenye moduli zilizosakinishwa, na saa.js haimo huko."

Mama alivuta kiti. "Chapuchapu, andika taratibu. Nisomee kila neno."

"Node. Require, vistari viwili mbele. Nukta, mshazari, saa.js. Halafu lebo.js. Halafu mweupe."

node --require ./saa.js lebo.js mweupe

Printa ikakoroma. Mama aliichukua lebo kabla haijamaliza kutoka.

"Leo!" alisema. "Mume wangu, imeandika leo!"

"Hifadhini amri hiyo kwenye faili," jirani alisema. "Msiiandike upya kila asubuhi. Na mkate wangu je?"

Kesho yake Baba aliondoka na trei zilizojaa. Mama alifagia jiko ambalo lilikuwa limeshafagiliwa. Baba alipopiga simu, aliipokea na ufagio mkononi.

"Mtunza stoo amesemaje?"

"Amesoma lebo, ameubonyeza mkate."

"Halafu?"

"Halafu amenisaidia kushusha trei."